Hapana Mara Saba

Bunia, Rwambuzi, 6 Oktoba 2024
Kwa wema wa Fabrice

Alliance, mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwa mwalimu wako wa kemia, ambaye bado yuko hai, ingawa magoti yanabisha. Fabrice anapanda ndege Jumanne kuja huko kwenu Gand kwa mkutano wa shirika lake, ambalo humtuma huko mara kwa mara, na kwa kuwa naye nilimfundisha, hawezi kunikatalia bahasha moja. Ninampa ikiwa wazi, kama inavyotakiwa. Ukimpa mtu barua ya mkononi huku umeifunga, umemwambia usoni kwamba humwamini. Akipenda ataisoma ndani ya ndege, hakuna siri.

Ndiye aliyenipa habari za kazi yako. Aliniambia: “Prof, Alliance iko anahesabia bazungu mifupa ya dawa.” Nilicheka mpaka nikakohoa, kisha nikamkalisha kwenye kiti na kumfundisha tena, kwa sababu inaonekana mwaka ule alikuwa anasinzia. Nikamwambia si mifupa, ni kiunzi. Molekuli ya dawa ni kama nyumba zetu za miti na udongo. Kwanza unasimamisha miti, kisha mmoja anapaka udongo mwekundu, mwingine mweupe, mwingine anatoboa dirisha, lakini miti ni ile ile. Mkemia anachagua kiunzi kimoja, anakiwekea vipande mbalimbali, na anajaribu kipi kitaua mdudu bila kumuua mgonjwa. Na wewe, kama nimeelewa, unahesabu kila mwaka watu wangapi duniani wameandika kuhusu kila kiunzi, halafu unachora mstari wa namna wanavyokipenda na kukiacha.

Basi sikiliza. Mimi nami nilikuwa na kiunzi. Darasani sikuwaambia, hamkuuliza. Kuanzia 1985 hadi 1988 nilikuwa huko huko Ubelgiji nikitengeneza dawa ya malale. Nilitengeneza molekuli arobaini na moja juu ya kiunzi kimoja, kwa mikono yangu. Nimekichora nyuma ya karatasi hii. Nichoree mstari wake. Nataka kujua kama kuna mtu aliyekikumbuka.

Tangu mke wangu Abigaël afariki, nyumba hii ina viti sita na mimi ninakalia kimoja. Mtu akikaa hivyo, mambo ya zamani yanapata nafasi.

Mwalimu wako,
Gauthier Uyirwoth


Gand, 2 Novemba 2024
Kwa wema wa Fabrice

Prof wangu mpendwa,

Mchoro wako umefika. Fabrice aliusoma njiani na akaniambia umechora nyuki.

Mstari wako nimeuchora kwenye karatasi ya pili. Unaanza 1984. Unapanda haraka, na mwaka 1987 maandishi kumi na tisa yalikuwa na kiunzi chako. Mwaka 1989 yalikuwa manne. Kuanzia 1991 hakuna kitu. Ile nukta moja unayoiona mwaka 2009 ni mwanafunzi wa Brazili aliyekitaja ili kusema tu kwamba hakuna anayekifanyia kazi. Samahani, Prof. Ningekupambia, lakini ungenikata alama.

Usidhani kiunzi kikiachwa ndiyo kusema ni kibaya. Hilo nimejifunza kwa miaka sita ya kuhesabu. Mmoja akipata bahati na kiunzi fulani, wote wanakimbilia huko, kampuni zinachunguliana kama majirani, na kwa miaka kumi kila mtu anajenga nyumba ile ile. Kisha mmoja anaumia, dawa yake inawadhuru wagonjwa au majibu yanamwangusha, na wote wanahama siku moja. Waliohama hawarudi kuangalia walichoacha. Lakini kuna viunzi vilivyolala miaka thelathini, arobaini, mpaka mtu mmoja akafungua kabati na kujaribu tena, na leo vinamezwa kwa maji.

Halafu kuna jambo jingine, kaa vizuri. Chuo chako cha huku kilipofunga labo ile uliyofanyia kazi, chupa zote zilihamishiwa kwenye ghala la kampuni yetu. Wiki iliyopita nilishuka kuangalia. Zipo, Prof! Zote arobaini na moja, chupa ndogo za kioo cha kahawia. Lebo zina mwandiko ule ule uliokuwa ubaoni kwetu, na saba yako yenye mkia. Nilisimama pale chini kwenye baridi, nikasikia kama utaniita mbele nikafute ubao.

Mwanafunzi wako,
Alliance


Bunia, 24 Novemba 2024
Kwa wema wa Fabrice

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara nne, ya nne nikiwa nimesimama. Denise, jirani yangu anayeuza mikate mbele ya lango, aliniona nikitembea uani na karatasi mkononi. “Muzee, ni mutoto gani amezaliwa?” Nikamwambia: “Ni batoto arobaini na moja, mama.” Akaniletea mkate wa bure. Nadhani alinihurumia.

Zipo! Miaka yote hii nilijua zilimwagwa. Nimetoa madaftari yangu kwenye sanduku, panya walikula pembe tu, katikati kuko salama. Kila jioni naketi na ukurasa mmoja.

Nina ombi. Kaitazame namba 38. Ilikuwa njano nilipoifunga. Ikiwa imegeuka kahawia, imeoza, achana nayo. Ikiwa bado njano, ni nzima. Na uniambie, kuna mtu anayeziulizia? Nilisoma mstari wako kwa kidole, ule wa chini uliolala, nikafikiri labda sasa ndiyo zamu yake ya kuamka. Ninyi vijana mna mashine zinazojaribu vitu elfu kwa siku moja. Mimi nilikuwa na panya sita na friji iliyokuwa inalia.

Ninaanza tena kulala vibaya, lakini safari hii ni kwa furaha. Au nusu yake ni furaha.

Gauthier Uyirwoth


Gand, 15 Desemba 2024
(Barua hii haikutumwa)

Prof,

Nilipaswa kukuambia tangu barua ya kwanza. Chupa zako zitachomwa tarehe 28 Februari.

Ghala limejaa, na kila baada ya miaka mitano wanaondoa za zamani. Mistari ninayochora ndiyo inayotumika kuchagua. Kiunzi kinatoka kama hakijaandikwa na mtu kwa miaka kumi, na kama molekuli zake zote zimejaribiwa na jibu ni hapana. Kanuni ina huruma moja tu, kwamba kisichojaribiwa hakitupwi mpaka kijaribiwe. Ripoti yako nimeisoma yote, nikitafuta hata nafasi moja iliyoachwa wazi. Hakuna. Zote arobaini na moja zimeandikwa hapana, kwa mwandiko wako.

Orodha ni yangu mimi. Kiunzi chako nilikiweka mwezi wa tisa, kabla hujaniandikia, kilikuwa namba tu kati ya mia tatu. Barua yako ilipofika nilikwenda kwa mkubwa wangu kuomba kiondolewe. Akaniuliza sababu. Nikasema ni cha mwalimu wangu. Alinitazama kwa upole, akanisubiri niseme sababu yenyewe.

Sijui nitakuambiaje. Wewe umetoa madaftari sandukuni. Ninaogopa ukijua utaacha kuniandikia, na hapa hakuna mwingine anayeniandikia


Gand, 15 Desemba 2024
Kwa wema wa Fabrice

Prof wangu,

Namba 38 ni njano. Nimeishika kwenye mwanga na kuigeuza, njano kabisa, unga mkavu, haijashikana.

Kwa sasa hakuna anayeziulizia. Kazi ni nyingi mwisho huu wa mwaka, nisamehe barua fupi. Nakutakia Noeli njema.

Alliance


Bunia, 12 Januari 2025
Kwa posta, kupitia Kampala

Alliance mwanangu,

Utashangaa kuona bahasha imefungwa, tena kwa gundi na utepe juu yake. Fabrice anaondoka kesho kutwa na angekufikishia mkononi ndani ya siku tatu. Lakini barua ya Fabrice ni barua wazi. Nikimpa iliyofungwa nimemtukana, nikimpa wazi atasoma, na akisoma, Bunia nzima iliyopita darasani kwangu itajua kabla ya Pasaka. Kwenye simu siwezi, masikio yangu yanasikia nusu na haya si mambo ya kupigia kelele uani. Basi nimempa Kasereka, anayefuata magodoro Kampala, aitie posta huko. Yeye sikumfundisha, na haulizi. Itachelewa kidogo. Jambo lenyewe limechelewa miaka thelathini na sita, wiki chache hazitadhuru.

Uliposema 38 bado ni njano, nililia. Sasa nakuambia kwa nini.

Machi 1988 baba yangu alikufa kwetu Mahagi. Telegramu ilinifikia baada ya siku kumi na moja. Walikuwa wameshamzika, lakini mimi ni mtoto wa kwanza, na ukoo ulikataa kumaliza kilio mpaka nifike. Watu walikuwa wanalala nje ya nyumba yetu, wanakula shamba la mama yangu, wakinisubiri mimi. Kila siku niliyokaa Ubelgiji ilikuwa mihogo ya mama.

Nilikuwa nimebakiza molekuli saba za kujaribu, 35 hadi 41. Jaribio moja lilichukua siku tisa. Profesa alisema atasaini tiketi yangu siku nitakayoweka ripoti kamili mezani. Sikumlaumu wakati ule wala leo, hakujua kilio ni nini. Basi Jumatano moja niliketi kwenye kiti cha labo, nikachukua biki, na mbele ya 35 nikaandika “hapana”. Mbele ya 36 “hapana”. Mara saba. Sikuwa nimefungua hata chupa moja. Nilijiambia nitarudi baada ya miezi miwili na kuzijaribu kweli.

Sikurudi. Profesa aliniandikia kwamba kwa kuwa majibu yote ni hapana, mradi umefungwa na nafasi yangu haipo tena. Wenzetu wa Ujerumani na Uingereza waliokuwa wanakifuata kiunzi kile nao waliacha baada ya kusoma ripoti yangu. Ule mstari wako unaoporomoka 1988 hadi 1991, wewe unauita kuhama. Ni mimi, Alliance. Niliusukuma kwa biki ya buluu.

Na zile za kwanza zilikuwa zinasogea. 30 ilikuwa bora kuliko 29, 33 bora zaidi, hazikutosha tu. 38 niliitengeneza nikijua inakokwenda. Sijui kama ingekuwa dawa. Hilo ndilo sijui, na nimekaa nalo peke yangu, hata Abigaël hakujua. Katika miaka hiyo malale imezika watu huku kwetu, na mimi niko ubaoni nawafundisha watoto kuandika walichokiona tu. Wewe mwenyewe nilikupa sifuri mwaka wa tano kwa majibu uliyonakili kwa jirani. Ulilia. Nilikwenda nyumbani nikashindwa kula.

Sasa fanya hivi. Waambie hizo saba hazikujaribiwa. Ukihitaji jina langu litumie, lakini huko tu, nakuomba, si hapa Bunia. Mwambie mtu afungue 38.

Ninasubiri.

Gauthier Uyirwoth


Gand, 11 Aprili 2025
Kwa posta

Prof,

Barua yako ya Januari imefika jana. Muhuri wa Kampala ni wa tarehe 29 Machi. Nilimpigia Kasereka kwa namba aliyoiandika nyuma ya bahasha. Aliniambia: “Siye tulikwama Mahagi, dada, magari yote, njia ilifungwa. Nilirudia Bunia, nikangoja, nikaenda tena. Barua ya muzee ilikuwa kwa mufuko ya koti langu siku yote.” Alikuwa anajivunia kwamba haikulowa. Nikamshukuru.

Chupa zako zilichomwa tarehe 28 Februari.

Nilijua tarehe hiyo tangu barua yangu ya kwanza kwako. Mimi ndiye niliyekiweka kiunzi chako kwenye orodha, kwa sababu mstari ulikuwa umelala na majibu yote yalikuwa hapana. Desemba nilikuandikia kila kitu, nikashindwa kuituma, nikakutumia ile fupi ya kusema 38 ni njano. Ile isiyotumwa nimeiweka ndani ya bahasha hii, uisome. Utaona nimeandika kwamba kisichojaribiwa hakitupwi. Nafasi moja tu iliyoachwa wazi ingezizuia zote arobaini na moja mlangoni. Niliitafuta katika ripoti nzima kwa macho yangu mawili.

Nimekaa usiku mmoja nikigawa makosa, hili langu, hili lako, na sikufika popote. Kama ungempa Fabrice. Kama ningekuambia tarehe. Ungempa Fabrice kama ningekuambia tarehe, hilo ninalijua, ungeivumilia aibu.

Siku ile nilishuka ghalani. Mfanyakazi alikuja na masanduku ya plastiki, akazihesabu kwa sauti, kwa lugha yao. Sikumwambia asimame. Alipofika 38 niliigusa kwenye sanduku, kisha nikamsainia.

Leo asubuhi nimefanya jambo moja. Kwenye kumbukumbu ya mtandaoni ambayo watu wa dunia nzima wanaisoma, nimefuta zile hapana saba. Mahali pake nimeandika “haikujaribiwa”. Kila badiliko linataka jina la aliyesema, nimeandika lako. Yeyote anaweza kulisoma, hata mtu wa Bunia mwenye simu. Sikukuomba ruhusa kwanza, kwa sababu niliogopa kusubiri tena.

Kuzitengeneza upya kunahitaji mkemia mmoja, miezi mitano, na sababu. Madaftari yako yana njia yote, njia ipo. Mtu hayupo. Mstari umelala vile vile, niliuchora tena jana.

Sijui kama nina haki ya kuandika “wako”.

Alliance


Bunia, Rwambuzi, 18 Mei 2025
Kwa wema wa Fabrice

Alliance, mwanangu,

Nilikasirika siku tatu. Nakuambia ili usidhani muzee ni malaika. Siku ya kwanza nilikukasirikia wewe, nikasema maneno uani ambayo Denise aliyasikia na kufunga dirisha lake. Siku ya pili nilimkasirikia Kasereka na koti lake. Siku ya tatu hapakuwa na mwingine wa kukasirikia, nikabaki na mimi mwenyewe, na huyo nimemzoea.

Umefanya vizuri kufuta hapana. Nilimwomba Fabrice anionyeshe kwenye simu yake, kwa hiyo ilibidi nimweleze yote tangu telegramu. Nilipomaliza akasema: “Prof, na weye ulinipigaka sifuri mara mbili.” Nikamwambia ndiyo, mara mbili, na ulistahili moja. Akacheka, mimi nikashindwa kucheka. Aliponiwekea simu mbele nilisoma jina langu, na neno haikujaribiwa, mara saba. Macho yaliniuma. Hata hivyo nilikaa nikaangalia mpaka taa ya simu ikazimika, na nikamwomba aiwashe tena.

Tangu siku hiyo watu wawili niliowafundisha walikuja pamoja kunisalimia. Sijui kama walijua. Wote walikunywa chai, hakuna aliyetaja kitu, na walipoondoka niliosha vikombe vitatu. Sijaosha vikombe vitatu kwa muda.

Madaftari nitamkabidhi Fabrice mwezi wa nane, akuletee. Usiyaweke ghalani, yaweke kwako, mahali pakavu. Labda baada ya miaka ishirini mtu atauliza, labda hapana. Mimi sitakuwepo kuona, na nimeacha kujidanganya kwamba nitakuwepo. Zile chupa zimeungua, 38 imeungua, na sitajua. Hilo linauma kuliko nilivyodhani, linauma hasa asubuhi.

Lakini nimesoma tena barua zako zote, moja baada ya nyingine, pamoja na ile ambayo hukutuma. Katika zote umeniambia habari za mstari, za ghala, za kanuni, za rangi. Miaka tisa uko huko, na sijui nyumba yako ina madirisha mangapi. Mstari mmoja tu ndio niliokukuta ndani yake, ule wa mwisho wa barua isiyotumwa, unaokatika bila nukta. Uliacha chupa ziungue ili muzee mmoja wa Rwambuzi asiache kukuandikia. Mimi nilidhani ni mimi peke yangu niliyekuwa nasubiri barua.

Sitaacha kukuandikia. Na usinichoree mstari tena, nimeshauona unakokwenda. Niandikie hili: Jumapili, ukitoka misa, unakula na nani?

Mwalimu wako,
Gauthier Uyirwoth